Nyuma ya Rangi Nyekundu

Asubuhi ile nilimwambia dada yangu kwamba mwisho wa mwezi naondoka. Nilikuwa nimepata kazi ya kuendesha kreni kwenye kiwanda cha saruji, mbali, mahali ambapo hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani. Dada alikuwa anafunga kamba za buti. Hakuinua hata uso. Alimaliza la kushoto, akafunga la kulia, akasimama.

"Panda gari," alisema. "Kuna lori limezama kwenye machimbo ya udongo."

Basi, jibu likawa hilo. Njia nzima hatukusemeshana. Yeye alishika usukani wa bredauni yetu ya kuvutia magari kama kawaida, mimi nikakaa upande wa abiria kama kawaida, nimenuna mpaka mashavu yananiuma. Maneno yale nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Nilitegemea agombe. Nilitegemea alie, hata kidogo, anibembeleze nami nikatae. Kunyamaziwa namna ile, kama vile nimesema tu kwamba kumekucha, kulinikera kuliko matusi.

Nieleze kidogo, msije mkaniona sina shukrani. Baba alipofariki alituachia bredauni moja, winchi moja mgongoni mwake, na masharti. Dada akarithi usukani pamoja na masharti. Mimi nikarithi kulabu. Kazi yangu ni kushuka mtaroni, shimoni, topeni, popote gari lilipokwama, nifunge kulabu, kisha niingie ndani ya gari hilo nishike usukani wake wakati Dada anavuta. Nina ndevu, na ndani ya ndevu mvi zimeshaanza kuchungulia, lakini mji mzima unaniita Mdogo. Nikitaja kuondoka, Mama huuliza, "Sasa dada yako atashika kulabu kwa mkono upi na kitufe cha winchi kwa mkono upi?" Swali hilo halina jibu, na Mama analijua hilo vizuri. Nimefungwa nalo miaka.

Katika masharti ya Baba, kubwa kuliko yote lilikuwa la rangi. Waya wa winchi umezungushwa kwenye rola, tabaka juu ya tabaka, kama uzi wa fundi cherehani. Mahali fulani kwenye waya huo Baba alipaka rangi nyekundu, urefu wa mkono hivi. "Mkiona nyekundu, simameni," alikuwa akisema. "Na msiniulize." Wenye winchi wengine nao wana alama ya namna hiyo, maana mizunguko mitano ya mwisho haitakiwi kutoka kwenye rola kamwe, ikitoka, waya unachomoka na mzigo unakwenda zake. Ila alama ya wenzetu iko mwishoni mwa waya. Yetu ilikuwa katikati. Ilipotokeza, rola ilikuwa bado imenenepa. Tukachukulia kwamba kilichobaki ni akiba, tukazoea kuegesha bredauni karibu kabisa na mzigo ili tusiifikie. Hakuna aliyeuliza. Baba alishatukataza, halafu akafa.

Lori tulilolikuta lilikuwa dogo, la kubebea matofali, na lilikuwa limeshuka kwa pua hadi chini ya shimo. Kuta za udongo zilikuwa zimelowa na kulegea kwa mvua. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alitupokea kwa hadithi ndefu ya jinsi breki zilivyomsaliti. Dada hakumsikiliza. Alikuwa anatazama matofali.

"Pakueni," alisema.

"Yote? Mama, tajiri wangu atanitoa roho. Hiyo winchi yako imeandikwa tani nne. Lori na mzigo wake hata nne hazifiki."

"Lori lako likiwa sebuleni kwako halifiki tani nne," Dada alimjibu. "Likiwa topeni, tope nalo linavuta upande wake. Likiwa mlimani, mlima nao unavuta. Winchi inatakiwa ilizidi gari kwa nusu nzima, ndiyo ulale usingizi. Pakueni."

Vibarua wa machimbo wakaanza kupakua, na walikuwa wamefika nusu pale mtaro wa maji ulio juu ya shimo ulipobomoka. Maji yakaanza kumwagika shimoni. Dada aliyatazama, akanitazama, akanionyesha kulabu kwa kidevu. Nikashuka. Nikafunga mnyororo nyuma ya lori, nikatia kulabu, nikaingia ndani, nikaweka gia huru. Bredauni ilikuwa mdomoni kabisa mwa shimo, kama Baba alivyotufundisha.

Winchi ilianza kulia. Sauti yake naijua kama sauti ya mtu wa nyumbani, na siku ile ililia vibaya. Lori lilisogea nyuma kidogo, likasita, likasogea tena. Kisha waya ukakaza na hakuna kilichokwenda. Nikasikia harufu ya mota inayoungua. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani nimwambie Dada aache, na hapo ndipo ukuta wa upande wangu ulipoachia.

Udongo ulilisukuma lori kama mtu anavyosukuma droo kwa kiuno. Pua ikagonga mwamba. Pedali zikajikunja, na mguu wangu wa kulia ukabaki chini yake. Vumbi na tope vilipotulia, nilikuta mlango wangu umezibwa na udongo mpaka juu ya kioo. Mlango wa pili ulikuwa umebanwa na ukuta mwingine wa shimo. Mbele, kioo kilikuwa kimepasuka chote, na nilikitoa vipandevipande kwa kiwiko. Nafasi ya kutokea ilikuwepo, pana, mbele ya uso wangu. Mguu ndio uliokataa. Nilivuta mpaka nikaona nyota. Chuma kilikuwa kimenishika juu ya kifundo, na nikisogea kidogo kinazidi kuuma.

Maji yalikuwa yanaingia kutoka chini, baridi, na rangi ya chai ya maziwa. Watu wengi husema maji yamewafika shingoni wakiwa wamekaa kwenye kochi wanalalamikia wakwe zao. Yangu yalikuwa magotini na yanapanda.

Vibarua walikuja mbio na makoleo. Walichimba kando ya mlango, na kila walichotoa kilirudi mara mbili. Dada aliwafukuza wote kwa mayowe. Juu yangu, kwenye ukuta, kulikuwa na ufa mpana ambao mimi sikuuona lakini yeye aliuona. Dereva alipiga simu zimamoto, wakamjibu kwamba wako njiani, ila daraja limefunikwa na maji na wanazunguka njia ndefu. Alinipigia kelele habari hiyo kwa furaha, kana kwamba njia ndefu ni kitu cha kupongezana.

Kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kilikuwa kimebaki kizima. Kwa kioo hicho niliweza kuona kipande cha ukingo wa shimo, na juu yake matairi ya nyuma ya bredauni. Nilimwona Dada amesimama mbele ya winchi, ameinamia rola. Alikaa hivyo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akalegeza waya. Akaja mbio mpaka nyuma ya lori, akachomoa kulabu, akapanda nayo juu bila kunitazama. Nikasikia mlango wa bredauni unafungwa. Nikasikia injini.

Na kwenye kioo kile nikaiona bredauni yetu inaondoka.

Iliondoka polepole, ikiyumba kwenye mashimo ya uwanja, ikawa ndogo, ikapita nje ya kioo. Sitaki kusema uongo: nililia. Sikulia kwa ajili ya mguu. Nilimwita kwa jina ambalo nilikuwa nikimwitia utotoni, kabla sijajua kutamka lake sawasawa. Nilijiambia, haya, umemwambia unaondoka, naye ameamua kukutangulia. Ni mawazo ya kijinga, najua sasa. Lakini mtu aliyebanwa hana mawazo mengine ya kuchagua. Nilisikia maji yanamwagika, na kwa mbali dereva akimuuliza mtu, "Ameenda wapi yule mama?" Niliuvuta mguu tena na tena mpaka nikachoka, nikashika usukani kwa mikono miwili kama vile bado kuna mahali pa kuendesha.

Maji yalikuwa yamefika kiunoni nilipoyaona mabuti yake kwenye kioo kile.

Alikuwa ameshuka kwa miguu. Begani alibeba kapi, ile puli nzito ya chuma ambayo hukaa sandukuni mwaka mzima kwa sababu inachelewesha kazi na wateja hawana subira. Mkono wa pili ulikuwa unaburuta kulabu na waya nyuma yake. Glavu zake zilikuwa zimechanika. Alipita nyuma ya lori kwanza, nikasikia chuma kinagonga chuma, akamkabidhi dereva kulabu airudishe juu. Kisha akaja mbele, akapiga magoti juu ya boneti na kuingiza kichwa kwenye dirisha la mbele.

"Ulidhani nimekuacha?"

"Sijadhani kitu."

"Hayo machozi ni ya nini?"

"Tope limeniingia machoni."

"Yote mawili kwa pamoja," alisema. "Pole."

Alipima maji kwa jicho, akapima mguu wangu kwa mkono chini ya maji, akaachia. Halafu akanieleza, haraka lakini hakuruka kitu, kama ninavyotaka mtu anieleze.

"Nimeifunga bredauni kwa mnyororo kwenye ule msingi wa zege wa mashine ya zamani, kule mwisho wa uwanja. Pale karibu tulikuwa tunajidanganya. Waya ukijaa kwenye rola, winchi inapoteza nguvu, kila tabaka inazidi kudhoofika. Hizo tani nne zilizoandikwa ni za tabaka la chini kabisa. Sisi tumekuwa tukivutia matabaka ya juu maisha yetu yote. Sasa nimekwenda mbali ili waya utoke. Na nimetia kapi. Waya unakuja hapa, unazunguka kwenye kapi, unarudi kule. Nguvu inakaribia mara mbili."

"Na waya unaliwa mara mbili," nilisema. "Hautoshi, Dada. Tutafika kwenye nyekundu."

"Nimeshaipita."

Nilimtazama. Katika nyumba yetu, hilo lilikuwa sawa na mtu kusema amevunja kaburi.

"Kuna nini nyuma yake?"

Dada alijipangusa pua kwa nyuma ya glavu, akajipaka tope zaidi. "Waya uliochanika. Theluthi ya nyuzi zake zimekatika, zimesimama kama sindano. Ni pa zamani, Baba ameparushia grisi akapafunika. Ile rangi haikuwa alama ya mwisho wa waya. Ilikuwa ya kutuzuia tusifike pale."

Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Mashimo yote yale, na sisi tumeegesha mdomoni mwake, tumejinyima nusu ya nguvu za winchi, tunaunguza mota, tunamlaumu fundi wa mota! Mzee mzima ameona haya kusema waya wake ni mbovu. Nilimkasirikia Baba siku ile kuliko siku yoyote alipokuwa hai. Na papo hapo nikamwonea huruma, maana nilimjua. Alikuwa mtu wa kuficha hata homa.

"Utashika?" niliuliza.

"Kwa kapi, kila upande wa waya unabeba nusu ya mzigo. Kwa nusu, huenda ukashika. Pale pabaya pako karibu na winchi, kwa hiyo ndipo patakapokuwa pa kwanza kurudi kwenye rola. Pakishaingia na nyekundu ikaingia, mbele yake ni waya mzima. Pakikatika kabla ya hapo, lori linarudi chini, na ule udongo wa juu unashuka nalo."

"Tukisubiri zimamoto?"

Maji yalikuwa yanagusa kitovu changu, na sote wawili tuliyaona.

"Mimi siwezi kuamua hili," alisema. "Nimeamua mambo yote tangu Baba afe, na nimechoka, na hili siliwezi. Wewe ndiye uliyemo. Sema wewe."

Hakuwa amewahi kuniuliza kitu maishani, hata nitakula nini. Ningekuwa mahali pengine ningefurahi. Pale, nikiwa na mguu mmoja kwenye chuma na pumzi fupi, nilijua kwa nini alikuwa akiamua peke yake siku zote: alikuwa anatupunguzia sisi wengine uzito huu. Ulikuwa uzito mbaya.

"Vuta," nilisema.

Alinishika ndevu, akazivuta kidogo kama alivyokuwa akinivuta sikio zamani, akaondoka. Alipokuwa anapanda alivua koti zito la Baba, lile analovaa kila siku. Nilijua linakokwenda. Koti zito hutupwa juu ya waya unaotiliwa shaka, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka hewani na kumkata mtu.

Kwa mbali nikamsikia anagomba. "Wewe wa kofia! Toka kwenye mstari wa waya! Unataka kuzikwa vipande viwili? Rudi huko, rudi, rudi tena!" Kisha mngurumo wa injini ya bredauni, amekanyaga mafuta ili betri inayoendesha winchi isife.

Winchi ikaanza. Nilitega sikio, na sauti haikuwa ile ya kulia. Ilikuwa nzito, ya chini, haina haraka. Waya ulikaza nyuma yangu na lori zima likatetemeka. Halikusogea. Tope lilikuwa limelinyonya, na nililihisi chini ya kiti likiwa limeshika kwa nguvu zake zote. Hapo, kupitia chuma, nikasikia *tik*. Uzi mmoja. Nikafumba macho. *Tik*, mwingine. Zikafuata mbili kwa pamoja. Nilishika usukani nikawa nawaomba wafu na walio hai, na katika wafu nilimwomba Baba, nikamwambia kama kuna siku ya kuona haya ni leo, basi shika huo waya wako.

Tope likaachia kwa sauti ya buti linalochomoka. Lori likajongea nyuma, upana wa kiganja, upana wa viganja viwili. Udongo ukaporomoka kidogo mbele yangu, mahali ambapo pua ilikuwa imekaa. *Tik.* Sikuhesabu tena. Nilisubiri neno moja tu, na lilipokuja, lilikuja kwa sauti ya dada yangu ikiwa imepasuka vibaya, sauti ya mtoto wa kike anayeita watu.

"Imeingia! Nyekundu imeingia, Mdogo! Imeingia!"

Kwa mara ya kwanza jina hilo halikuniudhi.

Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja tu, na kungoja kulinitesa. Winchi ya umeme haivuti mfululizo. Inavuta, inapumzishwa mota ipoe, inavuta tena. Kwenye kila pumziko nilining'inia pale kwenye mteremko, mguu unapwita, maji yanachuruzika kutoka milangoni, nikiwa na hakika kwamba safari hii haitaamka. Kila mara iliamka. Ukuta wa upande wangu ulianguka wote nilipokuwa nusu ya njia, ukajaza shimo pale pale nilipokuwa nimekaa. Niliutazama ukianguka, na nilitapika mapajani mwangu.

Juu, dereva wa matofali alileta mtalimbo, akaingia kwa mlango wa pili na kupinda pedali huku akinisimulia tena habari za breki zake. Mguu ulitoka ukiwa umevimba na kupinda mahali ambapo mguu haupindi. Walinilaza kwenye mchanga. Dada alikuja akitembea kama mlevi, akakaa chini kando yangu, miguu ameinyoosha. Tulikaa tu, tunapumua.

"Mwisho wa mwezi ni lini?" aliuliza hatimaye.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wiki ijayo."

"Wiki ijayo huwezi kutembea."

"Basi watanisubiri. Au hawatanisubiri."

"Watakusubiri. Nitakwenda mwenyewe kuwaambia. Na ukipona nitakupeleka mimi, na begi lako nitabeba mimi." Alisema hivyo huku analia waziwazi, kamasi na tope, wala hakujificha. "Asubuhi sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo halikuzuii."

Nikakimbilia kwenye swali la nyumbani.

"Mama atakuuliza utashika kulabu kwa mkono upi na kitufe kwa mkono upi."

Dada alivua glavu zilizochanika. Viganja vilikuwa vimechubuka vyote viwili, na damu imechanganyika na grisi ya Baba. Akaviinua mbele yangu.

"Nitamwonyesha," alisema.